Konzi Tatu za Chumvi

Mize alitia konzi tatu za chumvi katika sufuria isiyo yake, akakoroga taratibu, akarudisha kifuniko. Kisha akaenda kukaa juu ya mbuzi yake na kuendelea kukuna nazi. Bi Riyama alikuwa juu, anasali alasiri.

Ua ulikuwa mmoja, majiko mawili. Katika nyumba ile kongwe ya Mkunazini Mize aliishi chini na Bi Riyama ghorofani, na wote wawili walipika vyakula vya kuuza, na Ramadhani futari, hapo hapo uani. Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na sita, Mize alikuwa mpishi peke yake. Hakuwahi kufungua kitabu. Mkono wake ulijua.

Ndipo Bi Riyama alipostaafu. Miaka thelathini katika chumba cha dawa hospitalini, na badala ya kupumzika na wajukuu akateremka uani na vitabu vya mapishi. Vitabu! Rafu nzima, vingine vimevalishwa plastiki kama vya skuli. Akaja na mizani ndogo ya kupimia dawa, akawa anapimia chumvi. Akaweka na saa ya kengele kando ya jiko, ikilia, anaepua. Mize alicheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko kilimwisha pale wateja walipoanza kulipita jiko lake na kusimama kwa mwenzake.

Tuseme kweli: kilikuwa kijicho. Kilimwamsha kabla ya ngoma ya daku na kushinda naye kutwa. Tena kilikuwa na mzizi. Zamani Bi Riyama alikuwa mteja wake, kila Alkhamisi sahani ya ndizi za nazi. Miaka minne nyuma akaumwa homa, akalala mwezi mzima. Alipoinuka akanunua sahani yake kama kawaida, akairudisha haijapungua, akasema ahsante na kupanda ngazi. Hakununua tena. Mize hakuuliza, ila aliliweka moyoni.

Na sasa huyo huyo, kila aliyekula chakula chake, alimuuliza, "Chumvi imekaa?" Kutafuta sifa tu, Mize alijisemea.

Ramadhani ndiyo iliyompa wazo. Aliyefunga hupika kwa kubahatisha. Leo chumvi pungufu, kesho imezidi, na watu husamehe. Ya Bi Riyama haikupungua wala kuzidi hata siku moja, na mwezi ulikuwa umeshafika ishirini. Mize akakata shauri kwamba mwenzake anakula mchana, vijiko vizima, kwa kisingizio cha kuonja.

Leo ingejulikana. Bi Sumaiya alikuwa anakuja kufuturu uani ili achague nani apike harusi ya bintiye baada ya sikukuu. Mize aliitaka harusi ile kuliko kitu chochote, kwa sababu atakayeipika ndiye mtaa utakayemwita mpishi. Chumvi ikirekebishwa, basi Bi Riyama ameonja, na Mize atalisema mbele ya mgeni. Isiporekebishwa, mgeni atatema. Kotekote Mize anashinda.

Bi Riyama akateremka. Akafunua sufuria, akatazama saa yake, akafunika. Kijiko hakukigusa.

"Huonji?" Mize akamuuliza.

"Nnaonjaje na nimefunga, Bi Mize? Nshapima."

Bi Sumaiya akafika, na adhana ya magharibi ikaita. Wakafungua kwa tende na maji, wakasali, wakakaa mkekani. Wote wawili walikuwa wamepika ndizi za nazi. Bi Sumaiya akaanza na za Mize, akala, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akavuta sahani ya pili, akatia kijiko kimoja mdomoni, akatemea kiganjani.

"Yarabi! Bi Riyama, umetupikia bahari?"

Mize akainama asionekane anavyofurahi.

Bi Riyama alichukua kijiko, akala. Akatafuna, akameza. Akala cha pili, akala na cha tatu, polepole, na uso wake haukukunjana hata kidogo. Mize akainua macho, akashangaa. Jeuri gani hii, mtu kula chumvi tupu ili asikubali kushindwa?

Bi Riyama akaweka kijiko chini. Akaisukuma sahani mpaka mbele ya Mize.

"Hebu nionjee wewe, Bi Mize, unambie nimekosea wapi," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi tangu ile homa sisikii ladha wala harufu ya kitu. Siku ile nlikurejeshea sahani yako nikaona haya kukwambia. Vitabu vyote vile nlivyonunua, nlikuwa nnazitafuta ndizi zako."