Taa ya Kulia

Wanaokuja kununua gari kuukuu huanza na injini. Gaspare Ravera aliipita injini kana kwamba haipo, akapiga magoti kwenye nyasi kavu za ghalani, mbele ya taa ya kulia.

Kioo cha taa kilikuwa kimepasuka. Kilikosa kipande kidogo, upana wa ukucha wa dole gumba.

"Taa utapata Torino," alisema mzee mwenye gari, ameegemea mlango wa ghala. "Njoo uone viti. Ngozi halisi ile, ingawa panya wamefanyia harusi humo."

"Viti vitangoja, mzee."

Lilikuwa gari la mbio la milango miwili, jekundu chini ya vumbi, ubavu umeliwa na kutu, magurudumu yameisha upepo. Kuku walitagia kwenye buti. Hata hivyo watu wa mjini wangelipigania. Kwenye simu mzee alikuwa ametaka lire milioni tisa. Gaspare alipotaja jina lake, mzee akashusha mwenyewe: milioni mbili. Nani hushusha bei kabla hajaombwa? Swali hilo Gaspare alilibeba njia nzima akipanda vilima.

Na sasa, juu ya boneti, glasi mbili za divai zilikuwa zimeshamiminwa, kama biashara imekwisha.

"Nililinunua limeshachoka," mzee alisema, "ili kijiji kizima kinione napita. Kiburi cha ujana." Akamtazama miguu. "Unachechemea."

"Tangu utotoni. Niligongwa na gari. Nilikuwa na miaka sita, mama amenishika mkono. Ule ukungu wetu wa Novemba, unaujua. Mimi nilipona."

Mzee alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Na baba?"

"Alikwenda Ubelgiji kuchimba makaa, mimi bado sina meno. Mwaka ule ule wa ajali barua zikakoma. Wakasema mgodi umemla." Gaspare alitabasamu kidogo. "Mama alikuwa amenipeleka kwa mpiga picha nimekumbatia jogoo, ili apelekewe aone nilivyokua. Jogoo akawa anataka kunidonoa kidevu. Ndiyo picha yangu pekee ya utoto, na sijawahi kuiona."

Kuku mmoja alishuka kutoka kwenye buti akaenda zake. Mzee akamfuata kwa macho mpaka nje.

"Nikutegee kitendawili," alisema. "Kina macho mawili. Siku kilipoona, jicho moja likapasuka, na tangu siku hiyo kimefungiwa gizani."

"Rahisi, mzee. Nimekipigia magoti."

"Umepata nusu."

Gaspare akatoa kitambaa mfukoni, akakikunjua taratibu. Ndani kulikuwa na kipande cha kioo chenye mistari, kilichotolewa gotini mwake na daktari. Fundi wa taa alimwambia mistari ile ni ya gari la aina moja tu. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amejifanya mnunuzi, akapigia magoti magari thelathini na moja.

Hili lilikuwa la thelathini na mbili. Kipande kiliingia, mistari ikaungana na mistari, kikakaa bila kusukumwa.

Alifungua mkoba wake wa vifaa. Chini ya spana kulikuwa na nyundo ambayo haikuwa ya kazi ya gari. Alikuwa ameapa juu ya kaburi la mama.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi." Mzee hakurudi nyuma hata hatua. "Nilikuwa natoka mbali, nina haraka ya kufika. Nilishika breki nimechelewa, nikaogopa, nikakimbia. Sikujua nimemgonga nani mpaka niliposoma gazeti."

"Ukanyamaza miaka thelathini na mitatu."

"Sikuliendesha tena. Sikulifuta hata vumbi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ingia, kijana, ukae pa dereva. Pale mbele yako pafute. Ukimaliza, fanya ulichokuja kufanya. Mimi niko hapa."

Gaspare aliingia, nyundo mapajani. Kwenye dashibodi, kimeng'ang'ania kwa sumaku, kulikuwa na kibao cha bati, kama vile walivyokuwa navyo madereva wote wa zama zile. Alikisugua kwa kidole gumba.

Kwanza alitokea Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, na fimbo yake. Kisha maandishi: *Baba, usiende mbio.*

Kisha, ndani ya kiduara cha picha, jogoo, na mtoto aliyeinua kidevu asidonolewe.