Aliyejipiga Marufuku

Padri aliyefika mlangoni mwa klabu asubuhi ile alivaa kola nyeupe na miwani mikubwa, na masharubu yake yalikuwa yameanza kubanduka upande mmoja.

"Amani iwe nanyi," alisema kwa sauti nzito.

"Na iwe kwako pia, Clarrie," Vaimoana alijibu bila kuinuka kitini. "Shika masharubu, yanaanguka."

Waliokuwa wakinywa chai ukumbini waliangua kicheko. Juzijuzi tu alikuja amejifanya fundi bomba, na kabla ya hapo alikuja kama Baba Krismasi, katikati ya Julai.

Vaimoana, bawabu wa klabu, mama wa visiwa vya Tonga mwenye mabega ya mcheza raga, akainuka na kumshika kiwiko. "Haya, Baba Padri. Njia unaijua."

Clarrie Hibberd alikuwa mkulima wa zabibu, mgane. Alipofiwa na mkewe alihamia mbele ya mashine za kamari za klabu hiyo, chupa pembeni, kutwa anabonyeza. Zabibu zilimkaukia shambani. Binti yake alipiga simu mpaka akachoka.

Siku moja, akiwa kwenye duka la dawa, aliona tangazo la serikali ya jimbo. Mpango huo ulikuwa umeenea Victoria nzima, toka Melbourne mpaka huku kwetu Mildura: kuzuia ulevi na kamari kabla havijammaliza mtu. Aliyeona amezidiwa alikwenda mwenyewe kujipiga marufuku ya kuingia klabuni. Picha yake iliwekwa kwa bawabu, na akionekana, asindikizwe hadi langoni kwa heshima. Clarrie alikwenda, akatia sahihi.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Alirudi akilia, akiomba aingie dakika moja tu.

"Nitukane ukipenda," Vaimoana alimwambia. "Hupiti."

Akamtukana kweli. Vaimoana akamsindikiza vilevile, polepole, akimsimulia habari za marehemu mumewe aliyekuwa akivuna zabibu huku akiimba zaburi kwa sauti mbovu kuliko za wavunaji wote. Walipofika langoni, Clarrie alikuwa ameacha kutukana.

Sasa kilio kilikuwa kimekwisha, yakabaki haya mavazi. Kutoka mlangoni hadi langoni njia ilizunguka uwanja mzima wa nyasi ambako wazee walicheza matufe, wakibingirisha mipira mizito kwenye nyasi, na leo wawili hao waliipita kama kawaida.

"Umebandika kwa gundi gani, babu wewe?"

"Ya mbao."

"Ya mbao! Basi leo utayatoa kwa randa!"

Aliyewatazama kutoka dirishani hakucheka. Philippa Grech alikuwa ametumwa kutoka ofisi ya mpango huo kule Melbourne. Jimbo zima hakukuwa na mtu aliyejaribu kupenya mara nyingi kama Clarrie, na meneja wa klabu alishachoka.

"Ugonjwa umemkaa mwilini," meneja alimwambia. "Na Vaimoana ana huruma mno. Mlango ule unahitaji kijana mkali."

Philippa alikwisha kumtafutia Clarrie nafasi ya kulazwa katika mji wa Bendigo, miezi kadhaa, mbali na klabu hii. Kuhusu bawabu mpya, alikuwa karibu kukubaliana na meneja. Alingoja mpaka Vaimoana aliporudi kitini, akatoka mbio kumfuata Clarrie, akamkuta amesimama nje ya lango akilipapasa domo lake.

"Bwana Hibberd, natoka ofisi ya jimbo. Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukusaidia."

"Una maji ya moto?"

"Sifanyi mzaha. Tumekupatia nafasi ya matibabu Bendigo. Na itabidi uweke sahihi upya, kwa sababu marufuku yako iliisha Machi. Kwa sheria, leo hii hakuna anayeweza kukuzuia kuingia pale."

Clarrie aligeuka kwa hofu kutazama mlango wa klabu, kisha akamvuta Philippa nyuma ya mkaratusi.

"Punguza sauti, binti yangu! Najua iliisha. Kile chumba cha mashine, hata unifunge nyuma ya trekta univute, siingii. Nikizisikia tu zile kengele zake naziba masikio."

"Sasa pale mlangoni unafuata nini kila siku?"

Clarrie alivuta masharubu kwa nguvu, akaguna kwa maumivu. Uso ukamwiva mpaka masikioni.

"Kanuni inasema aliyepigwa marufuku asindikizwe hadi langoni," alisema, macho yakiwa chini. "Mtu huru hasindikizwi na yeyote. Nakuomba, mama yule asijue."

Philippa alirudi kupitia ukingo wa uwanja, akijiuma midomo asicheke mbele ya wazee wa matufe. Habari ya Bendigo ilikuwa imemtoka kichwani. Ya kijana mkali pia.

Alimkuta Vaimoana amesimama, kiti amekiacha, anasokota vidole.

"Nimeona mnazungumza kule. Umemwambia?"

"Nimwambie nini, mama?"

Vaimoana alitazama kulia na kushoto, akamsogelea mpaka sikioni.

"Kwamba iliisha Machi. Nakusihi, mwanangu, usimwambie. Akijua yuko huru, nitamshikaje mkono?"