Rafiki wa Siri

Siku ya pili ya mapumziko ya kikazi, Yolima Rangel alijinunulia pipi kwa siri, akaja nazo mezani, akazifungua mbele za watu huku akijifanya kushangaa.

"Jamani, rafiki yangu ananijua! Halua ya mapera, tena ya Vélez!"

"Wangu naye hajambo," alisema Gildardo wa ghala, mashavu yamemjaa.

Kila Septemba, ofisi zote za Bucaramanga hucheza rafiki wa siri. Unaokota kofiani karatasi yenye jina, unamwachia mwenye jina vitamutamu mlangoni kwa kificho, na siku ya mwisho unajitaja, mnakumbatiana, unampa zawadi. Mwaka huu Don Heliodoro, mwenye kiwanda cha magodoro, aliwachukua wakuu wake wa idara wote kumi na wanne na mchezo wao, akawapeleka siku tatu kwenye shamba la kukodi huko Los Santos, pamoja na mkufunzi mwenye filimbi. Majina aliyaandika mwenyewe. Don Heliodoro hamwachii mtu kitu, hata sabuni ya chooni ananunua yeye.

Yolima alikuwa ameokota jina la Don Heliodoro. Hilo halikumsumbua. Kilichomnyima usingizi ni mlango wake. Siku ya kwanza aliukuta mtupu. Siku ya pili vilevile, hata ganda la pipi hakuna.

Mwaka jana aliyekosa vitamutamu alikuwa Ovidio wa usafirishaji. Watu walimcheka, wakasema kaangukia kwa bahili. Kumbe jina lake halikutiwa kofiani kabisa, maana lilikwisha kufutwa kwenye orodha ya mishahara. Oktoba mlinzi alimsindikiza hadi getini, boksi lake kifuani, mafundi wa kushona wakichungulia madirishani. Na tangu Julai ilikuwa inasemwa kwamba mkuu mmoja atapunguzwa tena.

Yolima alikuwa amewasimamia mafundi hao miaka kumi na tisa. Kufukuzwa angekuvumilia. Kusindikizwa na mlinzi mbele ya wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe kutia uzi kwenye cherehani, hapana, bora ardhi immeze.

Mkufunzi, mwanamke mchangamfu kutoka Bogotá, aliwapanga uwanjani akawaeleza faida za mapumziko kama haya. Watu hujuana. Watu huaminiana. Kisha akaamuru kila mtu ajiangushe kinyumenyume, wenzake wamdake.

"Jiachie, dada! Waamini wenzako!"

Yolima alijiachia, akadakwa vizuri mno. Hata hilo lilimtia hofu. Aliona wamemshika kama anavyoshikwa mgonjwa asiye na siku nyingi.

Asubuhi ya tatu alikwenda kutundika mfuko wake wa cocada, vile vitamu vya nazi, kwenye kitasa cha Don Heliodoro. Njiani akakutana na Gildardo, mikono kaificha mgongoni.

"Natafuta choo," alisema Gildardo.

"Mimi pia."

"Kiko upande ule."

"Najua."

Wakapishana bila kutazamana.

Kwenye kiduka cha getini mwa shamba, alikokwenda kujinunulia tena pipi, mwenye duka alikunja mikono. "Mmenimalizia zote, mama. Ninyi watu gani, mnakula sukari kama nyuki? Zimebaki hizi za tangawizi."

Alizichukua. Alizila mbele ya wenzake huku machozi yakimtoka. "Leo kanitania huyu," alisema, wote wakacheka. Wao pia siku hiyo walikuwa wakila za tangawizi.

Don Heliodoro alipita akikagua meza, masharubu yana sukari. "Mnaona faida yake?" alimwambia mkufunzi. "Watu wangu hawakuwa hivi. Siku hizi wana moyo wa kutoa."

Baada ya chakula cha mchana Yolima alijifungia chumbani. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia. Akaandika mistari miwili: anaacha kazi kwa hiari yake, anawashukuru wote. Aliikunja barua, akailaza chini ya leso tatu ndani ya boksi la zawadi, akafunga utepe. Alilia kidogo, akanawa uso, akatoka. Angalau angeondoka kwa miguu yake mwenyewe, na wasichana wake wasingejua lolote hadi amekwisha kwenda.

Ukumbini walikaa duara, kila mtu na zawadi mapajani.

"Fumbeni macho," alisema mkufunzi. "Nikipuliza, yafumbueni, kila mtu amwendee rafiki yake, ampe zawadi, amkumbatie. Hakuna maneno. Mioyo tu."

Filimbi ikalia. Yolima alikuwa karibu zaidi, akafika wa kwanza. Alimpa Don Heliodoro boksi, akamkumbatia. Bosi alinukia mapera.

"Ahsante sana, Yolima. Kumbe ni wewe!" alisema bosi, akaliweka boksi juu ya meza ndefu iliyokuwa nyuma yake.

Yolima aligeuka arudi kwenye kiti chake, ambako alijua hakuna atakayemfuata.

Hakupata pa kupita. Nyuma yake alisimama Gildardo na chupa ya pombe kali ya aguardiente. Nyuma ya Gildardo, doña Mireya wa masijala na shada la maua. Nyuma ya doña Mireya, wengine wote kumi na mmoja, kila mmoja na chake mkononi, wakitazamana. Viti vyote vilikuwa vitupu.

"Taratibu, wanangu, msisukumane," alisema Don Heliodoro, mikono kaipanua, macho yamelowa. "Mmoja mmoja. Zote nitazifungua Jumatatu, na kadi na barua zote zilizomo nitazisoma kwa kipaza sauti, palepale kwenye karakana ya kushona, kiwanda kizima kikisikia."