Mzinga wa Marehemu

Ute wa kahawia ulivutika kutoka kwenye sega hadi ncha ya kijiti, mwembamba kama uzi, na afisa nyuki akajua hapo hapo kwamba mzinga ule lazima uteketezwe. Watoto wa nyuki walikuwa wameozea ndani ya vyumba vyao.

"Kuna nini?" aliuliza mama mkwe wake, mwenye mizinga.

"Ni ule ugonjwa wa kuozesha watoto wa nyuki, mama, unaoambukiza mizinga mingine. Tutauchoma jioni, nyuki wakisharudi."

Mama mkwe alipitisha kiganja juu ya mfuniko. Mbao zile alizipiga randa mwanawe, mume wa afisa, mwaka uleule aliofariki. Pembeni palibaki alama ya dole gumba lake, iliyobonyea kwenye rangi kabla haijakauka.

"Ya watu umechoma, sikusema kitu. Lakini huu ni mkono wa mwanangu. Upake dawa yoyote, tunyamaze."

Kila alipokuja hapa, afisa naye aliigusa alama ile kwa siri, akijifanya anakagua nyufa.

"Jirani yako nilimchomea mizinga yote, mama, naye alinisihi hivihivi. Nitamtazamaje usoni?"

Alichukua jembe akachimba shimo la kuuchomea mzinga, machozi yakimdondoka ndani ya wavu wa usoni, asiyafute.

Jua lilipozama aliziba mlango wa mzinga, akainama kuunyanyua peke yake. Ukamlemea.

"Ngoja," mama mkwe alisema, akikunja mikono ya gauni. "Shika huko, mimi nishike huku."