Sauti ya Mwamba Wetu

Wengine wamesahau, mimi sisahau. Kabla mwamba wetu wa matumbawe haujafa, Kampuni ya kufuga kambamawe ilirekodi mlio wake. Leo spika zinaupiga chini ya bahari, kando ya vizimba vyao vya zege. Vitoto vya kambamawe, vyangavu kama kioo, huteremka kutafuta tundu la kuishi. Zamani vilipapasa huku, vikakataa kule, vikachagua. Sasa vikiusikia mwamba huamini, vikaingia, visitoke mpaka siku ya kuvuliwa.

Mwaka juzi watu wa Kampuni walikuja kurekodi mlio wa kinu cha mke wangu.

“Bi Mkasi, twanga tu kama kawaida.”

Niliwafokea. Mke wangu akacheka: “Makame we, hata kinu unakionea wivu?”

Kisha binti yetu, Mwanakombo, akaajiriwa kwenye vizimba hivyo, akapewa chumba huko huko. Idi mbili zimepita hajaja. Jana mama yake akampigia simu.

“Mwanangu, njoo nyumbani japo siku moja.”

“Ah, mama nawe! Kwani niko mbali? Kila jioni si nakusikia unatwanga?”

Mke wangu akanitazama. Kinu chetu kilipasuka mwaka jana. Siku hizi kuku hutagia ndani.