Kazi ya Watu Wawili

"Kabla hujagusa chochote, angalia juu," wifi yake alisema.

Mjane akaangalia juu. Hapakuwa na nyaya za umeme wala matawi. Palikuwa na mlingoti tu, na mawingu meupe nyuma yake.

Miezi kumi na moja ilikuwa imepita tangu mashua ile iokotwe ikielea yenyewe. Mumewe aliondoka nayo asubuhi ya siku ya mapumziko, kutoka gati dogo la nyumbani kwao, akisema atarudi kula mchana. Waokoaji waliikuta kwenye maji makubwa nje ya daraja, tanga limepandishwa, viatu vyake vimo, mwenyewe hayumo. Walitafuta siku tisa. Kisha watu wakaanza kumpa mke pole, naye akazipokea. Akatia saini karatasi alizoambiwa atie saini, akarudi kazini kushona mapazia. Walimsifu kwamba ana moyo. Yeye hakuona moyo wowote. Alikuwa amekufa ganzi. Sindano ilipomchoma kidole, alijua kwa kuona damu kwenye kitambaa.

Mashua ilikuwa imekaa muda wote kwenye karakana ya waokoaji. Sasa walihitaji nafasi yao, wakataka ichukuliwe wiki hiyohiyo. Kurudi nyumbani kulikuwa na njia moja, chini ya daraja, nalo liko chini mno kwa mlingoti uliosimama. Ilibidi ulazwe kwanza.

Wifi, dada wa marehemu, ndiye aliyejitolea. Mjane alishangaa kidogo, maana katika familia ilijulikana kwamba wifi na maji hawapatani, hata kwenye kivuko hufumba macho. Alipomwuliza amejifunzia wapi, wifi alisema kaka yake alimwonyesha, kisha akainama kukagua pini.

Alieleza kila hatua polepole, akirudia rudia "tazama vizuri, wifi." Waliondoa tanga na mti wake wa chini, wakavilaza sakafuni. Nyaya za pembeni waliziacha zimefungwa, ili mlingoti usianguke kushoto wala kulia. Kwenye waya wa mbele walifunga kamba nene, wakaipitisha kwenye kapi, kigurudumu cha omoni mbele kabisa, na kuirudisha hadi kwenye chuma cha kufungia.

"Zungusha mara mbili kwenye hicho chuma, ndipo ushike. Ukishika hivihivi itakuburuta. Mimi nakwenda nyuma kuupokea. Usiachie mpaka niseme."

Akachomoa pini ya mbele, akaenda nyuma, akakaa pembeni, si chini ya mlingoti. Mjane akaanza kulegeza. Mlingoti ukainama shubiri moja, ukainama nyingine.

Ulikuwa umefika nusu wakati boti ya injini ilipopita karibu, na mawimbi yake yakaitikisa mashua. Wifi aliteleza akakaa kitako, kichwa chini ya mlingoti kabisa. Uzito wote ukaja kwa mjane. Kamba ikakimbia kidogo na kumchuna kiganja. Aliyatazama yote hayo kana kwamba yanatokea ng'ambo ya barabara, kwa watu asiowajua. Lakini mikono ilikuwa imeshakaza bila kumwuliza. Mlingoti ukasimama hewani.

"Nimeshika," alisema. Sauti yake haikupanda.

Wifi akajivuta pembeni, akaupokea mlingoti begani, akaulaza taratibu kwenye panda la mbao lililofungwa nyuma. Kisha akaketi, akihema, akamtazama mwenzake kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nimeshakwenda," alisema, akijaribu kucheka.

Mjane alifungua kiganja na kukiangalia. Ngozi ilikuwa imetoka. Akauliza, kwa sababu tu swali lilimjia kichwani, kama mtu mmoja anaiweza kazi hii.

"Mmoja?" Wifi alikuwa akifunga mlingoti kwa kamba, amempa mgongo. "Haiwezekani. Huyo mmoja akishika kamba, nani apokee? Na kuusimamisha ndiyo balaa zaidi."

Wakachukua makasia, wifi jozi ya mbele, mjane jozi ya nyuma. Mlinzi wa karakana aliwapungia mkono, na mjane akampungia, kwa kuwa ndivyo watu wanavyofanya.

Chini ya daraja kulikuwa na baridi na harufu ya kutu. Vyuma vilipita juu ya vichwa vyao, karibu kiasi cha kuguswa. Mjane alivitazama, akautazama mlingoti uliolala kati yao kwa urefu wote wa mashua. Kasia lake likasimama. Kitu kikaanza kumuuma kiganjani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Alitokea nyumbani," alisema. "Alipita hapa."

Wifi aliendelea kupiga makasia.

"Lazima aliulaza, kama sisi. Na waliikuta nje kule, mlingoti umesimama." Alizungumza polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Wifi. Nani alimpokelea?"

Wifi aliacha makasia. Mashua ikateleza yenyewe mpaka ikatoka juani.

"Tangu asubuhi nangoja uniulize," alisema. "Tuliusimamisha pamoja, tukapandisha tanga, tukashuka ufukweni, tukaisukuma iende. Yeye akapanda basi. Kila Jumapili ananipigia simu, wifi. Anauliza kama umeshamsahau."