Umri wa Ini

Umri wa mtu ulisomwa kwenye ini, si mwaka wa kuzaliwa. Kadiri seli zake zilivyochoka kutengeneza protini, ndivyo alivyohesabiwa mkubwa na kuamkiwa.

Mzee Mwinchande alirudi kutoka kupimwa akitamba. "Mama Sefu! Ini langu lina miaka arobaini! Mwite mwanao aje aniamkie."

Sefu alikuwa mlangoni, naye katoka kupimwa. "Baba, langu limesoma sabini."

Mama akaacha kumenya viazi. Mzee akacheka, akaketi, akainuka, akaizunguka meza. Mwishowe akasimama mbele ya mwanawe.

"Shikamoo," alisema, akiomba moyoni kijana akatae, wacheke, yaishe.

"Marahaba," Sefu aliitikia taratibu, akashika ukingo wa meza ndipo akaweza kukaa.